Jinsi tulivyoimaliza foleni ya parachichi Tukuyu, sisi madereva wa msimu na wale wenye OT

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyie wengine mambo zenu.

Najua humu mtu akianza kusimulia tu, wazee wa "hii chai, uongo mtupu" mnajaa. Mimi naishi Tukuyu, chai naiona kila nikifungua mlango, sina haja ya kuwapikia nyingine. Haya yamenitokea mimi, kwenye usukani, msimu huu huu. Jina la kampuni naliacha na majina ya watu nimeyageuza, maana bado nataka kula.

Jambo la pili. Mimi ni mwanamke na naendesha Canter. Kama hilo ni gumu kumeza, kunywa maji kwanza halafu tuendelee.

Twende.

Huku Rungwe parachichi zikikomaa, makampuni yanatafuta madereva wa msimu. Gari ni la kampuni, wewe unaleta leseni na mgongo. Asubuhi unachukua ufunguo getini, unaenda Ikuti au Kawetele, unazunguka kwa wakulima, wanapakia kreti, unarudi nazo mjini kwenye shedi. Pale mzigo unapimwa kwenye mizani, unashushwa, unarudisha ufunguo, unaenda kwako.

Kwa maneno inaonekana kazi ya kitoto. Njoo uendeshe barabara ya udongo kipindi cha masika, ukungu umekaa kwenye kioo, hujui mbele kuna gari au ng'ombe.

Pale kwenye shedi madereva tulikuwa wa aina mbili.

Kuna wa kudumu. Hawa wana mshahara wa mwezi, wana kadi za chama cha wafanyakazi, na chama chao kimesaini mkataba wa hali bora na kampuni. Mkataba unasema dereva akipitisha saa kumi na moja jioni yuko kazini, masaa yanayozidi ni OT, na OT inalipwa vizuri. Wengi wao ni watu wa mikoa mingine, wamehamishiwa tu huku.

Halafu kuna sisi wa msimu. Tunalipwa kwa trip. Umeshusha mzigo, umelipwa. Hujashusha, shauri yako.

Wengi wetu tumezaliwa hapa hapa, lakini wale wa kudumu wakatubatiza jina la "wageni". Eti wageni! Mtu katoka Shinyanga juzi ananiita mimi mgeni Tukuyu. Nilikuwa nikilisikia hilo neno natamani kumrushia kreti.

Sasa tatizo lilikuwa foleni ya mizani.

Mizani inayofanya kazi ilikuwa moja. Ya pili ilikuwepo kabisa, imefunikwa turubai tangu msimu unaanza. Ukiuliza unaambiwa haina mtu wa kuisimamia. Kwa hiyo mchana magari yanajipanga mpaka nje ya geti.

Ikifika saa tisa, mlinzi anatoka kuwaita wa kudumu wapite mbele. Wewe umekaa pale tangu saa saba, mwenzako kafika sasa hivi, anakupita, tena anakupigia honi usogee. Saa kumi na nusu wao wameshanawa mikono wanaondoka.

Sisi tunabaki mpaka giza linaingia. Na hayo masaa hakuna anayeyalipa, maana trip ni trip.

Ngoja nieleze kwa nini mimi iliniuma kuliko wengine.

Nina mtoto, Lusajo, bado ananyonya. Nilikuwa namwacha na mama yangu hapa Ibighi. Natoka amelala, narudi amelala. Kwenye foleni maziwa yananijaa mpaka blauzi inalowa. Nikawa navaa koti la mvua hata kwenye jua ili wanaume wasinichungulie.

Yaani nimekaa ndani ya gari lililozimwa, sifanyi lolote la maana, na mwanangu yuko mwendo wa mguu tu kutoka hapo anapewa uji.

Jumapili moja niko nyumbani nikambeba. Akalia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha kuumwa. Alikuwa ananisukuma kifuani na kumnyooshea bibi yake mikono, kama kabebwa na mtu asiyemjua.

Mama akampokea, akanyamaza hapo hapo. Mama akaniambia taratibu, "Usijali mwanangu, atakuzoea tu."

Atanizoea! Mimi niliyemzaa!

Sikulia wakuu. Nilikasirika. Nilitoka nje nikafua kila nguo niliyoikuta kwenye nyumba ile, mpaka zilizokuwa safi, na nikiwa nafua nikajiapiza kwamba ile foleni nitaimaliza msimu huu au yenyewe inimalize.

Kesho yake nikamfuata msimamizi wa shedi, kijana wa shati lililonyooshwa, tumwite Bwana Fredi. Nikamwambia tunaomba masaa ya kusubiri yalipwe, au kama hayalipwi, basi foleni iende kwa haki.

Akasema, "Dada yangu, gari likisimama hakuna kazi. Dereva aliyekaa anapumzika."

Nikamwambia, "Basi naomba nikapumzikie nyumbani, wewe nishikie usukani."

Akacheka, akasema nina maneno mengi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kulikuwa na dereva wa kudumu, tumwite Masanja. Mtu wa makamo, mnene, mbishi kupindukia, na ndiye katibu wa chama pale kwenye tawi. Siku hiyo hiyo saa tisa akaitwa kama kawaida. Akaja na Fuso lake, ananipita kwa kushoto, honi juu.

Sijui nini kilinipanda kichwani. Nilishuka nikasimama mbele ya Fuso, na mvua inanyesha.

"Toka mbele ya gari, dada!"

"Sitoki. Nigonge."

Akashuka na yeye. Tulirushiana maneno mpaka mama ntilie wa ng'ambo ya barabara akaacha kugeuza ndizi zake. Masanja akaniambia sisi wageni ndio tumewaharibia kazi, tunaendesha kwa bei ya kutupa mpaka kampuni haina haja tena na OT za watu. Akasema yeye anafuata mkataba wake, na mimi niende nikatafute wangu.

Nikamuuliza, "Haya, mkataba unao. OT umelipwa lini mara ya mwisho?"

Akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Vidole vikaisha.

Wakuu, mimi niliuliza kumkomoa tu. Kumbe tangu huo utaratibu wa kupita mbele uanze, hakuna mwenye kadi aliyeonja OT hata ya saa moja. Na Masanja ana binti yuko chuo, ile OT ndiyo iliyokuwa inamsomesha. Moyoni mwake aliamini kabisa kwamba tumeila sisi.



Ndipo ikanijia, nikamwambia, "Wewe wanakupitisha ili saa kumi na moja isikukute humu ndani. Mimi wananiacha kwa sababu hata nikilala hapa siwadai chochote. Masaa yako ya OT hayajapotea, Masanja. Nimeyakalia mimi, bure."

Akapanda Fuso lake, akanizunguka, akapita.

Ndiyo, alipita! Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

Akanikwepa siku kadhaa. Halafu mchana mmoja tuko kwa mama ntilie, wa msimu meza yetu na wa kudumu meza yao kama ilivyokuwa desturi, akanyanyuka na sahani yake akaja kukaa kwetu. Watu wote wakaacha kutafuna.

"Nimeongea na wenzangu," akasema. "Mkataba wetu unamlinda mwanachama. Nyie sio wanachama. Mkitaka twende pamoja, chukueni kadi."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mwenzetu mmoja, Ipyana, akaruka juu. "Yaani hiki kidogo ninachopata, na chenyewe kikatwe ada ya chama?"

Mimi nikamuuliza Masanja, kwani chama kinapokea watu wa msimu? Sisi wote tulijua hakitutaki.

"Nani aliwaambia?"

Hakuna aliyeambiwa na mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

"Na wewe mbona hukutuambia?" nikamkaba.

"Ningewaambia saa ngapi? Kila nikipita mnanitukana."

Watu wakacheka, meza zote mbili. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tunacheka kitu kimoja.

Nikajiandikisha wa kwanza, wengine wakafuata. Ipyana alikuwa wa mwisho, akinung'unika mpaka anaweka saini.

Wapo waliotaka tugome kesho yake. Masanja akakataa katakata. Kugoma kuna taratibu zake, akasema, ukiruka hatua moja wanapata sababu ya kuwafukuza wote. Kidole chake kikaonyesha geti. Pale getini kuna kibao kikubwa, kampuni yenyewe ilikiandika kwa rangi nyekundu: MAGARI YOTE YAFUATE FOLENI.

"Hatugomi," akasema. "Tunapanga foleni."

Dereva mmoja wa kudumu akalalamika, kwamba akae mpaka jioni kwa ajili ya wageni, yeye anapata nini? Masanja akamwambia, "Hukai kwa ajili yao. Unakaa na OT yako."

Kesho yake saa tisa, mlinzi akatoka kuita. Masanja alikuwa nyuma yangu. Akazima injini, akafungua mlango, akaning'iniza miguu nje.

"Mzee, pita!"

"Naheshimu kibao."

Akaita wa pili, jibu hilo hilo. Wa tatu naye hivyo hivyo. Bwana Fredi akatoka mbio, shati limelowa, anabembeleza watu waingie mbele na hakuna anayetikisika. Mimi niko ndani ya koti langu la mvua, mdomo unacheka wenyewe.

Saa kumi na moja ikapita tukiwa nje. Kwa wenye kadi za zamani, mita ya OT ikaanza kusoma. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Jioni moja narudisha ufunguo, Bwana Fredi akaupokea, akasema bila kunitazama, "Kesho usije."

Mtu wa msimu ukiambiwa hivyo, umekwisha. Huna barua, huna swali. Nilitembea mpaka Ibighi. Nilijua wamenichagua mimi kwa sababu mimi ndiye rahisi kutupa.

Nikamwambia mama, nikitegemea aniambie nilijitakia. Hiyo nyumba inaishi kwa hiyo Canter.

Akanipa Lusajo, amelala. Akasema, "Basi kesho akiamka akukute, umnyonyeshe kwa raha. Ukimaliza, nenda ukaulize kosa lako ni lipi."

Nikaenda. Masanja alikuwa ameshaingia kwa meneja kudai kwamba mwanachama haondolewi bila kusikilizwa. Tukaitwa ofisini. Meneja, Bwana Fredi, Masanja na mimi.

Meneja akauliza, "Kosa lake ni nini?"

"Anachochea wenzake," akasema Bwana Fredi.

"Anawachochea wafanye nini?"

Bwana Fredi akalegeza kola. Kibao chenyewe kilikuwa kinaonekana dirishani, chekundu kama nyanya.

"Wapange foleni," akasema.

Wakuu, sikucheka. Nilijiuma shavu mpaka nikasikia damu. Meneja akaniambia nikachukue ufunguo wangu.

Wiki iliyofuata turubai lilitolewa kwenye ile mizani ya pili. Ile isiyokuwa na mtu wa kuisimamia. Mtu akapatikana.

Sitawadanganya kwamba sasa ni peponi. Malipo ya kusubiri kwa watu wa msimu bado yanajadiliwa, Masanja anaenda vikao na kurudi na sura ya ndimu, na tutakaa nao mpaka wachoke wao. Bado kuna wanaotuita wageni. Na mizani mbili zikifanya kazi, OT yenyewe haizidi sana. Nilimuuliza Masanja kama anajuta, kwa ajili ya binti yake. Akasema angalau sasa anajua ilikokuwa inaenda, na hiyo ataipigania kwenye mshahara. Mbishi yule, Mungu amlinde.

Siku ya kwanza niliyoshusha mapema, nilifika nyumbani jua bado lipo. Lusajo alikuwa macho, amekaa kwenye mkeka anachezea kifuniko cha sufuria. Akanitazama. Akamtazama bibi yake. Akanigeuzia mgongo.

Iliuma, sitaficha. Nikakaa pembeni ya mkeka, sikumlazimisha. Kesho yake nikafika jua lipo tena, na kesho yake tena. Siku nyingine hivi nafungua mlango, kabla sijavua koti, akanyanyua mikono yote miwili. Kwangu mimi. Hapo ndipo nililia.

Nilichojifunza ni hiki. Yule unayemchukia kwenye foleni, muulize kwanza anapata nini. Mimi na Masanja tulitukanana karibu msimu mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kitu cha mwenzake mfukoni. Na wewe wa msimu, usijisemee kwamba chama hakikutaki. Nenda kaulize.

Uwanja ni wenu. Wajuzi wa sheria za kazi, nisaidieni kwenye hili la masaa ya kusubiri, tunahitaji hoja za kwenda nazo kikaoni. Wenye mikataba ya msimu, semeni kwenu mnalipwaje. Na wa kuja kuniambia mwanamke haendeshi gari la mzigo, nimeegesha pembeni, pita, ila nyuma yangu kuna foleni.

Nitajibu baadaye. Sasa hivi kuna mtu ananivuta blauzi.