Magazini Ndefu ya Mvua ya Mawe

Shemeji yangu siku hizi analinda geti la nyuma kwa rungu, na juzi ameenda kwa meneja kuomba apewe rungu refu zaidi. Sitanii. Meneja mwenyewe ndiye aliyeniambia, huku anajifuta machozi ya kicheko. Mtu huyo hata ukimpa kijiko atauliza kama hakuna upawa.

Kamuoa mdogo wangu, nami ndiye dada mkubwa, kwa hiyo sina pa kumkwepa: nyumbani namkuta, kazini namkuta. Kampuni yetu inasindikiza malori ya mizigo, askari wawili kila lori, na nimekaa naye kabini moja miaka na miaka, bega kwa bega, nikisikiliza domo lake kutoka geti hadi geti. Wenzetu jina la utani hupewa na watu. Yeye alijipa mwenyewe. "Mimi ni Mvua ya Mawe," alitangaza siku moja kantini, kifua mbele. "Nikianza kunyesha, hakuna pa kujificha." Tukaanza kumwita hivyo kwa kumkejeli, naye akadhani ni heshima.

Haya, Mvua ya Mawe akahitaji mawe. Bunduki zetu zote zilikuwa na magazini fupi, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki. Zetu zilibeba risasi ishirini. Kwenye ghala la silaha zilikuwapo mbili ndefu, za arobaini, kuukuu, zimetupwa rafu ya juu kwa sababu hakuna aliyezitaka. Hakuna, isipokuwa huyu bwana. Alizililia mpaka fundi silaha, mzee mmoja mwenye kipara na hasira za karibu, akachoka naye.

"Chukua," alimwambia, akaisukuma moja juu ya meza. "Lakini springi yake imechoka. Usiijaze. Tia thelathini na tano, basi, zipate nafasi ya kupanda."

"Sawa, fundi."

"Na uchukue ya akiba, fupi."

"Ya nini tena, fundi? Arobaini si zinatosha?"

Alitia thelathini na tano mbele ya fundi. Tulipotoka nje akakaa kwenye benchi, akatoa risasi tano mfukoni, akazishindilia moja moja kwa kidole gumba, ulimi nje, mpaka magazini ikajaa hadi mdomoni. Nikamuuliza, hukusikia ulivyoambiwa? Akanitazama kwa huruma, eti mimi ndiye nisiyejua. "Shemeji, ukinunua ndoo, unaijaza maji nusu?" Jamani! Na hapo ndipo meneja alipopita, akaiona, akaipenda. Akasema wateja wakiona chuma kirefu hivyo wanalala usingizi. Meneja wetu hajawahi kulala kifudifudi mtaroni maishani mwake.

Mimi nililala. Kwenye mazoezi ya shabaha, fupi inakuruhusu ubane ardhi mpaka unanusa udongo. Ndefu inagota chini kabla yako, bunduki inabaki juu, na kichwa chako kinaifuata juu, kimechomoza vizuri kabisa kwa kila mwenye nia mbaya. Ndani ya kabini ndiyo usiseme. Yangu ilikaa mapajani kimya. Yake iligonga gia, ikanasa kwenye mkanda wa kiti, ikanichoma mimi mbavuni kila kona. Ilikuwa nzito hivi kwamba ikifika mchana bunduki anaishikia gotini, na jasho linamtiririka, lakini ukimwambia "pumzika" anasema hajachoka.

Sisemi fupi haina kasoro. Ina kasoro moja kubwa: inaisha upesi. Ishirini si kitu mtu akiwa na hofu. Lazima ubadilishe, na wakati unabadilisha wewe ni mkono mtupu. Ndiyo maana tulifundishwa kupiga kelele. Ukiishiwa unasema, "Nabadilisha!" na mwenzako anapiga ili wewe upate pumzi. Bunduki ikigoma unasema, "Imekwama!" na kila mtu anabaki chini. Maneno mawili tu. Hata kasuku angeyaweza.

Dereva wetu aliyajua pia. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye watoto wanne na roho ya kuku. Aliwahi kutekwa barabarani, akafungwa kamba, na tangu hapo ile njia ya darajani hakutaka hata kuisikia. Wakati kampuni ilipopata kazi ya kupeleka matairi mapya kupitia huko, alikwenda kurudisha ufunguo. Nani akamzuia? Mvua ya Mawe. Alimshika bega pale uani, akaipigapiga ile magazini yake.

"Kaka, unaogopa nini na mimi nipo? Sikiliza. Wakitokea, wewe lala chini ya usukani. Ukimsikia shemeji anasema 'Nabadilisha', usiogope. Hapo ndipo mimi namimina. Hakuna atakayeinua kichwa. Inuka, tia rivasi, tuondoke zetu."

"Kweli, bwana?"

"Arobaini, kaka. Arobaini!"

Dereva akaitazama ile magazini, akautia ufunguo mfukoni. Ulimwengu mzima alikuwa yeye peke yake aliyemwamini shemeji yangu, hata mdogo wangu hajafika huko. Nami usiku ule nilimwahidi mke wa dereva kwa simu kwamba nitamrudisha mumewe kama alivyotoka.

Walitokea asubuhi, jua limeshapanda, baada ya ile kona ya kabla ya daraja. Gogo lilikuwa limelazwa katikati ya barabara. Dereva akafunga breki, kioo kikapasuka, nami nikafungua mlango nikajitupa mtaroni. Shemeji alikuwa anifuate. Nikamsikia juu yangu anatukana: ile takataka imenasa kwenye mkanda. Akavuta, ikanasa kwenye gia. Akavuta tena, akaanguka nayo mgongo chini, miguu juu. Kama si kwamba tulikuwa tunapigwa risasi, ningecheka.

Akajilaza hatua chache kutoka kwangu. Magazini ikagota chini, kichwa kikachomoza, akaogopa, akailaza bunduki ubavu. Akapiga. Risasi moja. Nikasubiri ya pili.

Nilikuwa napiga kidogo kidogo, kwa kubana, kule vichakani ilikotoka mioshi. Ubane usibane, ishirini ni ishirini. Bunduki yangu ikanyamaza. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Nabadilisha!"

Kimya. Nikageuka. Mvua ya Mawe alikuwa amelala na bunduki yake kifuani, anaivutavuta kwa mikono miwili, midomo imekaza, hatoi hata mguno. Na juu yetu nikasikia gia ya lori inaingia rivasi. Dereva alikuwa ameinuka, kama alivyoambiwa.

Nilibadilisha, nikapiga, na lori lingine la kampuni, lililokuwa likitufuata kwa mbali, likatokea nyuma likipiga honi, wale watu wakakimbia. Lakini dereva alikuwa ameshapigwa. Risasi ilipita mlangoni ikaingia gotini, na goti lile halikukunjika tena.

Kazini, fundi silaha aliichomoa ile magazini mbele ya meneja, akaipima uzito kwa mkono. Hata hakuhesabu. "Aliijaza," alisema. Meneja akaangalia dirishani. Wenzetu wakaacha kusema Mvua ya Mawe, wakaanza kumwita Tone, na kiongozi wa zamu akampa rungu.

Ungedhani mtu atanyamaza. Thubutu! Jumapili moja nilifika kwao nikamkuta sebuleni katikati ya majirani, anasimulia kwa mikono yote miwili. Risasi zinamwagika, majambazi wanalia mama zao, shemeji yake (yaani mimi) kajikunyata mtaroni, na yeye kasimama wima. Binti yake kakaa miguuni pake, mdomo wazi. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, ananitazama kwa macho ya "dada, tafadhali". Nikanyamaza kwa ajili yake.

Mlango ukagongwa. Alikuwa dereva, na magongo yake mawili, anahema kwa ngazi. Majirani wakampisha kochi, akakaa na mguu wake umenyooka mbele kama ubao. Shemeji akatafuta mahali pa kuweka mikono. Majirani wakakumbuka kazi zao, wakaaga mmoja mmoja.

"Bwana," dereva alisema, "mimi sina ugomvi na wewe. Chuma ni chuma, kinaweza kugoma mkononi mwa yeyote. Nina swali moja tu, linaninyima usingizi."

"Uliza, kaka."

"Ilipokwama, kwa nini hukusema? Neno moja. Ungesema 'Imekwama', ningebaki chini."

Nami nikakunja mikono, nikasubiri ule uongo wake. Nilikuwa na maneno tayari, makali, niliyoyanoa tangu darajani. Binti alimtazama babake. Shemeji aliinamisha kichwa, akasema polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza chumvi.

"Shemeji alikuwa karibu, angesikia. Angenicheka."

Ebo! Nikataka kusema: kwa hiyo ni mimi? Mimi ndiye niliyekutuma ujaze hadi mdomoni? Mimi ndiye niliyekuzuia kubeba ya akiba? Nilikuwa na majibu kumi, yote ya haki. Lakini dereva alikuwa ameshageuza shingo na kunitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua, na mdogo wangu pale mlangoni alikuwa ananitazama pia.

Na ni kweli, ningemcheka. Ningemcheka hadi leo.