Chombo cha Moto cha Chediel

Chediel hakuzaliwa Itigi. Kwao ni Iramba, lakini reli ilimchukua angali kijana, ikamleta huku kwenye vichaka vya miiba, na hukuhuku akaoa, akajenga, akazeeka. Alikuwa mtu wa genge, wale wanaotengeneza njia ya treni jua na mvua. Siku moja, wakati wa kushusha mataruma ya chuma yanayolaliwa na reli, moja liliwaponyoka wenzake likamwangukia gotini. Mguu haukukatwa, ila tangu hapo haukukunjika tena. Akapewa kazi nyepesi ya kulinda ghala. Ilipokuja ile miaka ya kupunguza watu makazini, mashirika yakitengenezwa vizuri ili wawekezaji wayapende, mlinzi wa ghala mwenye mguu mkavu alikuwa miongoni mwa walioitwa ofisini mapema.

Alirudi nyumbani na blanketi la kazini chini ya kwapa. Mkewe, Loyce, alilipokea. Alimsogezea kigoda.

"Kaa kwanza, Baba Eliana. Mengine tutayaona."

Loyce alikuwa akiuza asali stesheni. Treni ilipoingia, alikimbia na beseni lake kutoka dirisha hadi dirisha, akiinua chupa juu kwa abiria. Asali yenyewe ilitoka kijiji cha Idodyandole, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Emiliana, mwenye mizinga yake ndani kabisa ya kichaka. Vijana wa baiskeli ndio walioileta mjini, na vijana wale walikuwa na tabia zao: njiani walichota, wakajazia maji ya sukari. Abiria waliolizwa safari moja, safari ya pili walifunga dirisha wakimwona Loyce.

Chediel aliamua kuifuata asali mwenyewe. Alijaribu baiskeli, akikanyaga kwa mguu mmoja na ule mwingine ukining'inia pembeni kama mzigo. Hakufika mbali. Kwenye mchanga mwekundu nje ya mji alianguka na ndoo yake, asali ikamwagika, na alipoinuka sisimizi walikuwa wameshaanza kujipanga. Aliisukuma baiskeli hadi nyumbani.

Binti yao, Eliana, alikuwa Dar es Salaam, akiuza katika duka la Mchina Kariakoo. Miaka ile Wachina walikuwa wameanza kufungua maduka mtaa kwa mtaa, na kila kontena lilikuja na jambo jipya. Mama yake alimpigia simu ya kibandani akamsimulia lile anguko. Baada ya muda treni ilishusha stesheni mzigo uliofungwa maboksi, jina la baba yake limeandikwa juu kwa wino mzito.

Ilikuwa baiskeli, yenye pedeli, mnyororo, kengele na kikapu mbele. Lakini chini ya kiti palikuwa na betri, na katikati ya gurudumu la nyuma palikuwa na duara nene la chuma. Ukizungusha mshikio wa kulia, inaondoka yenyewe, bila mlio wala moshi. Vijana wa stesheni waliizunguka wakabishana hadi wakasahau treni: huyu akisema ni pikipiki kwa kuwa inajiendesha, yule akisema ni baiskeli kwa kuwa haina injini wala haijui petroli. Chediel aliwaacha wabishane. Aliweka mguu wake mkavu juu ya pedeli, ukatulia pale, na kwa mara ya kwanza tangu aumie akapita barabarani mbele ya watu bila kuchechemea.

Betri aliichaji kwenye nyumba ya wageni, jioni wanapowasha jenereta kwa ajili ya televisheni. Kesho yake alikwenda Idodyandole, akalala huko, na keshokutwa akateremka polepole na asali ambayo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Pale nguvu za betri zilipoisha njiani, alishuka akasukuma, na hakulalamika. Mtendaji wa kata alimtaka akate kibati cha ushuru wa baiskeli kama wenye baiskeli wengine. Akakikata, akakifunga mbele kwa waya. Jumapili alimpakia Loyce wakaenda kanisani. Loyce alishika kitenge kwa mkono mmoja na koti la mumewe kwa mwingine, akicheka kicheko ambacho Chediel alidhani kilibaki nyuma, kwenye usichana wake.

Mambo yaliharibika alipohamia askari mpya wa barabarani, Koplo Mughwai. Hakuwa mtu mbaya, na wala hakula cha mtu. Hilo ndilo lililoleta taabu, maana hapakuwa na namna ya kuyamaliza pembeni. Alimsimamisha Chediel kwenye kivuko cha reli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Pikipiki yako haina namba. Na leseni je?"

"Hii ni baiskeli, mwanangu. Kibati chake hiki hapa."

Koplo aliinama, akaikagua, akamwomba aiwashe. Chediel akaiinua nyuma, gurudumu likazunguka hewani.

"Mzee, wewe hukanyagi. Kitu kinachojisukuma chenyewe ni chombo cha moto."

"Moto uko wapi? Gusa basi, uone kama utaungua."

"Kwenye betri. Fundi umeme akishika waya husemaje? Husema huu una moto, huu hauna moto. Sasa hapa moto upo." Koplo hakuwa akitania. "Leo nakuacha. Nenda Singida ukaisajili."

Chediel alikwenda Singida. Alipanda gari asubuhi, akapanga foleni kwenye ofisi ya usajili, akazungushwa madirisha. Mwishowe kijana mmoja mwenye tai alimuuliza namba ya injini na ukubwa wa injini.

"Haina injini," Chediel alisema.

"Kama haina injini, mzee wangu, nitasajili nini? Hiyo ni baiskeli. Rudi nyumbani."

Alirudi kwa moyo mweupe. Serikali yenyewe imesema ni baiskeli, na imesema Singida, si kwenye kivuko. Hakuomba karatasi yoyote, kwa kuwa neno la mtu mwenye tai lilimtosha. Koplo Mughwai alipomkamata tena, na mzee akamweleza ya Singida, askari alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Nilikuonya, mzee. Sasa naipeleka kituoni. Hakimu atuamulie sote wawili."

Baiskeli ikaegeshwa nyuma ya kituo, ukutani, ikafungwa kamba yenye kipande cha boksi kilichoandikwa kuwa ni kielelezo. Kesi ikaanza. Siku ya kwanza hakimu alisikiliza, akasema jambo hili ni geni, anahitaji kuuliza wakubwa. Siku ya pili hakimu alikuwa safarini. Kisha ikapigwa kalenda, ikapigwa kalenda tena. Kila mara Chediel alivaa koti lake la kanisani, akaenda kukaa kwenye benchi, akaambiwa tarehe nyingine. Akitoka alipita nyuma ya kituo kuichungulia. Kuku walikuwa wamezoea kulala juu ya kiti chake. Masika yalipoanza, ilinyeshewa.

Nyumbani asali iliisha. Loyce hakutaka kurudi kwa wale vijana.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema.

"Kwa miguu? Mvua hii?"

"Nilitembea zaidi ya hapo nikiwa na Eliana tumboni. Wewe shughulika na kesi yako."

Chediel alipinga, lakini alipinga akiwa ameketi, mguu umenyooka mbele yake, na wote wawili waliona ulivyonyooka. Loyce alijifunga kitenge, akabeba ndoo. Alikuwa akienda, analala kwa Emiliana, anarudi kesho yake ndoo kichwani, matope hadi magotini. Alifika akitabasamu, akaosha miguu, akaanza kujaza chupa. Kikohozi kilipoanza alisema ni vumbi, na Chediel akakubali, ingawa mvua ile haikuacha vumbi popote. Hilo lilimsumbua baadaye kuliko mengine yote: kwamba alikubali.

Safari ya mwisho alirudi akitetemeka. Jioni ile homa ilimshika, na mbavu zikambana hata hakuweza kuvuta pumzi yote. Majirani walimbeba kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali. Daktari alisema ni kichomi, amecheleweshwa, lakini watajaribu. Chediel alikaa chini kando ya kitanda chake, kwenye mkeka, akimshika kidole kimoja tu, kwa kuwa mkono ule ulikuwa na dripu na yeye aliogopa kuichomoa. Loyce aliulizia kesi.

"Wamesema Alhamisi."

"Vaa lile koti," alisema.

Hakuifikia Alhamisi. Alizikwa kwenye makaburi ya upande wa pili wa reli, na mchungaji ilibidi anyamaze katikati ya sala hadi treni ya mizigo ipite.

Kesi iliitwa watu bado wako kwenye matanga. Chediel alikwenda, kwa kuwa hakujua kama mtu anaruhusiwa kutokwenda. Hakimu alisoma hukumu yake ndefu. Alisema chombo kile kina pedeli na mnyororo, mtu anaweza kukisukuma kwa miguu yake, mwendo wake haupiti wa baiskeli inayokanyagwa kwa nguvu, na ofisi inayohusika haikuwa na namna ya kukisajili. Kwa hiyo ni baiskeli. Mshitakiwa hana hatia, arudishiwe mali yake. Nyuma watu walipiga makofi. Mmoja akamgonga bega.

"Umeshinda, mzee! Umeishinda serikali!"

Chediel alisema asante. Alikuwa akifikiria nani aliyebaki kuangalia moto wa msibani.

Koplo Mughwai alimfuata nje, kofia mkononi.

"Mzee, pole na msiba. Nimesikia jana. Mimi nilifanya nilivyofundishwa."

"Najua, mwanangu."

"Kama ningejua..."

"Hukujua. Wala mimi sikujua. Nifungulie hiyo kamba."

Koplo alifungua kamba, akafuta kinyesi cha kuku kwa kiganja chake mwenyewe. Chediel alizungusha mshikio. Kimya. Betri ilikuwa imevimba pembeni na kutoa unga mweupe. Askari alijitolea kumsaidia kuisukuma, na wakaenda hivyo mji mzima, mmoja kulia na mwingine kushoto, watu wakiwaangalia.

Eliana, aliyekuwa amekuja kuzika, alitaka kutafuta betri nyingine Kariakoo. Baba yake alimwambia aache. Eliana alimwomba pia ahamie naye Dar, na mzee akasema atafikiri, kwa sauti ambayo binti aliielewa. Eliana akaondoka na treni ya usiku, macho yamevimba.

Matanga yalipoanuliwa, Chediel aliomba lifti ya lori la mbao akaenda Idodyandole kumwambia Emiliana kwamba hatanunua tena asali, atafute mteja mwingine. Mama yule alimkaribisha chini ya upenu, akamletea maji, akalia kwanza, kisha akajifuta na upande wa khanga.

"Siku ile ya mwisho alikuwa anaumwa tangu anafika," alisema. "Nilimwambia, dada, lala hapa upone, nitamtuma mtu amwambie mzee. Akakataa."

"Alisemaje?"

"Alisema, akisikia naumwa ataichukua ile baiskeli ya zamani anifuate, na ataanguka mchangani peke yake. Akasema bora nifike mwenyewe."

Chediel aliweka kikombe chini. Mwenye lori alipiga honi barabarani, akapiga tena, kisha akaondoka. Emiliana aliingia ndani kumtandikia mahali pa kulala.