Mhasibu Niliyempeleka kwa Shangazi

Nichekeni tu, nimestahili. Shangazi Wakesho, mwalimu mstaafu wa Mbololo, anachumbiwa na Mzee Mwakio, mgane mpole. Kila akiombwa waoane, hujibu kwa huzuni kwamba mhasibu alimwambia akiolewa pensheni yake itakatwa.

Nilipogundua ushauri huo si kweli, moyo wangu wa kiriwaya ukawaka: penzi la uzeeni linanyongwa na kosa la mtu mmoja! Nikamfuata mhasibu ofisini kwake Voi, nikamkaripia mpaka akakubali kwenda kuomba msamaha. Jumapili nikamketisha sebuleni kwa Shangazi, Mzee Mwakio akiwepo, nami nimebeba keki.

“Mama, nilikosea,” mhasibu akasema. “Pensheni ni jasho lako. Hata ukiolewa kesho, haikatwi.”

Mzee Mwakio akasimama, akanyoosha koti. “Umesikia, Wakesho? Sasa tunangoja nini?”

Shangazi akanikazia macho. “Wewe mtoto, nani alikutuma?”

“Lakini Shangazi, alikupotosha!”

“Kwani sikujua? Nilijua tangu mwaka jana!”

Akaziba mdomo, lakini maneno yalikwisha toka. Mzee Mwakio akaketi tena, taratibu. Mimi nikaanza kukata keki, maana sikujua pengine pa kuweka mikono.