Uso wa Pikapu ya Baba

Biashara huria iliporuhusiwa, magari ya mtumba ya Kijapani yalimiminika hadi Singida mjini, na kila fundi niliyemwonyesha pikapu ya baba alinishauri jambo moja: ng'oa injini, weka ya Kijapani, achana na vyuma vya Kiingereza. Sikuwasikiliza. Pikapu ile ilikuwa imeota kutu uani kwetu tangu baba alipofungwa, enzi za uhaba, kwa kuficha chumvi na sabuni. Aliyemchongea ni mshirika wake wa biashara. Hapo kabla walinunua pikapu mbili za aina moja, rangi moja, wakawa wanasomba vitunguu pamoja.

Kabureta niliipata Manyoni kwa fundi mstaafu wa reli. Milango niliitoa Kinampanda, ilikuwa imezibia banda la kuku. Ikabaki shoo, ule wavu wa chuma wa mbele unaokinga rejeta. Kwa jinsi nilivyotafuta, ilibaki moja tu mkoa mzima, nayo ilikuwa Mtinko, kwenye gofu la pikapu ya yule mshirika.

Nilikwenda bila kumwambia baba. Nikamwamkia yule mshirika shikamoo, akaitikia huku akiangalia viatu vyangu. Akasema shoo atanipa bure, ila baba yangu aje aiombe kwa mdomo wake.

Nikayafikisha maneno hayo nyumbani kwa hasira. Baba aliingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kwendea msikitini.

Yule mzee alitupokea akiwa amekaa, wala hakuagiza viti. Baba akasimama juani, akasema amekuja kuomba shoo kwa ajili ya mwanawe.

"Sijasikia," yule mzee akasema.

Baba akarudia, kwa sauti ile ile.

"Nilitaka tu nikusikie ukiomba. Shoo sitoi. Bora niwape wa vyuma chakavu wakaiyeyushe."

Nilimwendea. Baba akanidaka mkono, akanivuta mpaka barabarani. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuja, na mtu yule anamjua.

"Kule jela nilikuwa najiuliza nilimkosea nini," akasema. "Leo nimeona. Sikumkosea kitu. Ndivyo alivyo."

Kisha akaniambia niweke shoo ya Kijapani.

Tuliinunua mjini, tukaikata kwa msumeno, tukaichomelea. Ilikaa upande, na mafundi wakacheka kwamba gari limevaa meno ya bandia. Lakini liliwaka.

Siku ya mnada tulipita Mtinko na shehena ya vitunguu. Baba akaniambia nipunguze mwendo. Yule mzee alikuwa amesimama nje kwake. Wakatazamana mpaka tukampita, hakuna aliyeinua mkono. Hapo nikakanyaga mafuta, vumbi lote likamwendea.