Walipopiga Makofi, Mimi Nilikuwa Naanguka

Kabla ya kuugua nilifundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Sumbawanga, na likizo nilikwenda kulima ulezi kwetu Mwazye. Nilikuwa mtu wa nguvu. Presha nilikuwa nayo. Nilipewa vidonge, nikaviacha nilipojisikia vizuri. Hilo silifichi.

Siku hiyo nilikuwa na Kidato cha Tatu. Somo lilikuwa vitenzi vya mwendo usio imara. Sisi tuna kuyumba, kupepesuka, kujikwaa. Kiingereza nacho kina vyake, na mimi nilipenda kuviigiza. Niliandika ubaoni "stagger", nikapepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Wakacheka. Nikaandika "totter", nikatembea kama mtoto aliyeanza kusimama jana. Nikawaeleza kwamba hata utawala unaweza ku-"totter", ukawa karibu kuanguka. Nikageuka niandike "lurch", yaani kuyumba ghafla upande mmoja. Chaki ikanidondoka. Mguu wa kulia sikuusikia tena. Nikaangukia meza, na darasa zima likapiga makofi.

Nilitaka kusema, "Siigizi." Yalitoka mate tu.

Msichana wa dawati la mbele, Anjela, akasimama. "Nyamazeni! Mdomo wa madamu umepinda!"

Walimu wenzangu wakanibeba hadi hospitali. Daktari alimwambia mume wangu, Kasiani, "Ni kiharusi. Bahati yenu amewahishwa."

Upande wote wa kulia ulikuwa kama gunia la mahindi nililofungiwa mwilini. Uji ulinitoka pembeni mwa mdomo. Nilijikojolea. Kasiani alinibadilisha nguo, nami nililia kwa aibu.

Mama yangu alipofika kutoka Mwazye, alinitazama mara moja tu. "Huyu katupiwa kitu," akasema. "Kuna mganga kule Ilemba anatibu haya. Tumpeleke."

"Mama, kuomba tutaomba," Kasiani akamjibu kwa upole, "lakini dawa za hapa haachi."

Mama akakubali kwa shingo upande.

Mtaalamu wa mazoezi aliniinua mguu, akauachia, ukaanguka. "Mwalimu, huu mguu umesahau kazi. Ufundishe upya."

Wanafunzi wagumu nimewahi kuwa nao wengi. Niliporudi nyumbani, Kasiani alichimbia nguzo uani, akafunga fito mbili za kushikilia. Kila asubuhi, upepo wa baridi ukivuma, nilikwenda hatua nne na kurudi nne. Nilianguka mara nyingi. Siku moja nilipasua kidevu, damu ikachuruzika hadi kifuani.

"Basi, mwanangu, utajiua!" Mama akapiga kelele.

"Niache... nianguke," nikasema. "Nita... inuka."

Hata kusema kulikuwa kazi. Waingereza husema mtu hu-"stumble" kwa miguu na kwa maneno pia. Mimi nilijikwaa kwa vyote viwili. Nilikuwa nikisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu cha mtoto wangu wa darasa la pili, nikikwama narudia. Mama alipoona siachi kutembea, alivua kitenge chake, akanifunga kiunoni, akawa anatembea nyuma yangu ameshika ncha zake. Vidonge naye ndiye aliyenipa. "Umekunywa?" aliniuliza kila siku, kama askari.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Nilirudi kazini na fimbo, kisha bila fimbo. Nikichoka mguu bado unaburuta, na mwandiko wangu ubaoni si ule wa zamani. Lakini nafundisha.

Namshukuru Mungu, na Kasiani, na yule msichana aliyetazama wakati wengine wanacheka. Wewe unayenisikiliza, kama umeandikiwa dawa, kunywa hata siku unayojisikia mzima. Ukimwona mtu mdomo umepinda au mkono umelegea, mkimbize hospitali hapo hapo. Na wewe uliyelala na upande mmoja umekufa, anza na kidole.

Mwezi uliopita Mama naye alipimwa, akakutwa na presha. Akabisha: haumwi popote, vidonge vya nini? Sikubishana naye. Nilimjazia kikombe maji, nikamwekea kidonge kiganjani, nikasimama mbele yake kwa miguu yangu yote miwili mpaka alipomeza.