Mtu Mmoja Ametazama Leo

Chumba chetu cha majaribio kiko nyuma ya ukumbi mmoja wa zamani, upande wa Makadara. Zamani kilikuwa stoo ya viti na matenti ya kukodisha kwa harusi na matanga, na harufu ya turubai haijatoka hadi leo. Wenye biashara ndogo wa mitaa ya huku walichanga, kanisa likatupa meza, na wahisani fulani wakatuletea mashine: printa za risiti, mizani inayotuma uzito kwa simu, na rafu nzima ya simu za bei ya chini, zile zile ambazo wateja wa huku hubeba mfukoni. Wazo lilikuwa jepesi. Badala ya mwenye kibanda kununua mtambo asioujua kisha aje kulia baadaye, aanzie kwetu. Aushike, aubonyeze, aukosee mbele ya watu wanaomcheka kwa upendo, halafu aende nyumbani akafikirie.

Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo, na bado ninao. Sikusoma mbali. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kufungua simu mbovu kwa jirani mwenye duka la spea, na hapa nilichukuliwa kwa sababu nacheka na watu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mama wa mitumba akiiogopa skrini, unamwambia aiguse kama anayemgusa mtoto aliyelala. Anacheka, anaigusa, na hofu imeisha. Nilikuwa na ndoto moja kubwa: kila kibanda cha Eastlands, upande huu wote wa mashariki ya jiji, kionekane kwenye ramani, mpaka yule anayechoma mahindi kwenye kona asiyekuwa hata na kiti. Niliiota ndoto hiyo nikifagia, niliiota nikioga.

Kijana mmoja wa mtaa wa Fedha alikuwa ameunda programu ya kuagiza chakula na akatuomba tuijaribu kwa vibanda vya kweli. Kibanda cha kwanza nilichokiweka kwenye ramani kilikuwa cha mama wa muthokoi.

Alikaa katika safu moja ya nyumba za zamani nyuma ya Ziwani, zile za chumba kimoja na bomba la maji la pamoja uani. Alipikia mlangoni. Mahindi yake yaliyokobolewa yalichemka na maharagwe tangu alfajiri, na watu wa mjengo na makarani walikula wamesimama, bakuli mkononi. Nilienda huko na simu, nikasimama mbele ya mlango wake, nikaweka alama, nikapiga picha.

“Sasa hii itaonwa na nani?” aliniuliza.

“Na mtu yeyote, Mama. Akiandika muthokoi tu, mlango wako huu hapa.”

“Hata aliye mbali?”

“Hata aliye ng'ambo, akitaka kumeza mate bure.”

Hakucheka. Alifuta mikono kwenye leso, akaingia ndani, akatoka amefunga kitambaa kipya kichwani.

“Basi piga tena. Niwe ndani.”

Nilipomaliza aliniambia mwenyewe, bila kunizungusha. Alikuwa na kijana wake. Kijana huyo alitoka asubuhi moja kwenda kazi ya mjengo, akaacha chai nusu kikombe, hakurudi. Mama alizunguka hospitali, akazunguka vituo vya polisi, akaingia mochari akatoka. Hakuna aliyemwona. Miaka ilikuwa imepita, na jirani zake walishaacha kumuuliza.

“Simu yangu ya wakati huo iliibwa, hata namba yangu ya sasa hana,” alisema. “Anachokijua ni mlango huu. Ndiyo maana nauliza kama utaonekana, mtu akiwa mbali.”

Nikamwambia ndiyo, utaonekana. Na ilikuwa kweli.

Haukupita muda mrefu, safu zile zikaambiwa zihame ili yajengwe magorofa. Watu walibeba vitanda vyao na picha za ukutani, matingatinga yakaingia, na mtaa mzima ukazungushiwa mabati. Mama wa muthokoi alipata kibanda Makadara, nyuma ya korti, mahali pazuri kuliko pa kwanza kwa biashara, maana wenye kesi husikia njaa sana. Lakini hakutaka alama yake kwenye ramani isogezwe.

Kila siku, baada ya watu wa chakula cha mchana kupungua, alikuja chumbani kwetu na bakuli langu limefunikwa sahani.

“Nisomee.”

Programu ile ilimwonyesha kila mwenye duka ni watu wangapi wamefungua ukurasa wake. Nilikuwa nikimsomea: mtu mmoja ametazama leo. Kesho yake tena, mtu mmoja. Siku nyingine wawili au watatu, na wale wa ziada waliagiza. Yule mmoja hakuagiza kamwe. Alitazama asubuhi, saa zile mimi nafungua chumba, basi.

“Haagizi,” nilisema.

“Ataagizaje na hana pesa? Anaangalia tu kama niko.” Kisha akashusha sauti. “Jumapili hatazami, umeona? Nilimlea kanisani, yule.”

Mimi ni mtu wa kuamini mambo mazuri upesi, na hili niliamini. Nikaanza hata kuifungua programu mapema ili nimwone akifika, huyo mtu asiye na uso. Namba ilibadilika kutoka sifuri kwenda moja, kimya kabisa, na mimi nikasema, “Habari ya asubuhi, kaka.”

Shida ilikuwa wale walioagiza kweli. Alama iliwapeleka watu wa boda, wanaobeba oda kwa pikipiki, kule kwa zamani. Tuna skrini kubwa ukutani inayoonyesha kila boda kama kitone, na niliviona vitone vikifika nyuma ya Ziwani, vikisimama, vikianza kuzunguka, vikizunguka, mahali ambapo picha bado ilionyesha mlango na mama amefunga kitambaa kipya. Mlango wenyewe ulikuwa umekuwa kifusi.

Siku moja mwenye boda mmoja aliingia chumbani kwetu na kofia yake ya chuma mkononi.

“Niaje, siste. Hiyo hoteli yenu ni ya majini ama?”

“Kwa nini?”

“Nimezunguka mabati mpaka soja anayelinda pale amenishuku mwizi. Simu inaniambia, umefika. Nimefika wapi? Kwa mchanga! Nimeita ‘mathe’ kwa sauti, soja akaniambia hapa hakuna mama wa mtu.”

Fundi wa cherehani aliyekuwa akijaribu printa ya risiti alicheka mpaka akakosea bei. Mimi sikuweza kucheka, nami hucheka kwa mambo madogo zaidi ya hayo.

Yule kijana wa Fedha alikuja akaniambia kwa upole kwamba programu inakaribia kufunguliwa kwa watu wote. Duka lisilopatikana pale alama inapoonyesha litaondolewa. Mama asogeze alama Makadara au atoke. Na duka moja lina alama moja tu, haikuwezekana mbili. Nilimbembeleza, akasema mtambo utachanganyikiwa.

Nikampelekea mama maneno hayo kibandani kwake.

“Usiguse,” alisema, bila kuinua macho kwenye sufuria.

“Utapoteza wateja, Mama.”

“Wateja wako hapa, wananusa wanakuja. Na yule anayenitazama kila asubuhi? Aamke akute nimetolewa? Atasema nini? Atasema nimekufa.”

Nilirudi, nikaiacha alama palepale.

Wiki hiyo stima zilipotea kuanzia alfajiri, na Makadara nzima ilishinda hivyo mpaka jioni. Bila umeme chumba hakikufanya kazi. Kesho yake mama wa muthokoi alikuja mbio mbio, hata bakuli amelisahau.

“Jana nisomee.”

“Jana hakuna, Mama. Sifuri.”

“Hakunitazama?” Alishika ukingo wa meza. “Ni mgonjwa. Au amehama alipokuwa. Tangu tuanze hajawahi kukosa siku ya kazi.”

Siku ya kazi. Nilisikia maneno hayo yakinirudia kichwani huku nikimpa kiti. Jumapili chumba chetu hufungwa. Jana hatukuwa na stima. Niligeuka nikaiangalia ile rafu ya simu.

Ziko pale kwa ajili hiyo hiyo, kujaribu. Nikiwasha swichi asubuhi, kila simu hujiamsha na kuifungua programu yenyewe, ili tuone kama inakwama kwenye simu za bei ya chini. Inafungua duka la kwanza kwenye orodha. La kwanza nililoweka mimi. Na kwa kuwa simu zote zinatumia intaneti moja ya chumba, mtambo unazihesabu kama mtu mmoja.

Sikumwambia siku hiyo. Usiku sikupata usingizi vizuri. Nilijiambia kwamba uongo huu si wangu, ni wa mashine, kwa hivyo ningeweza kuuacha tu uendelee kumpa chai yake ya kila siku. Lakini Mama alikuwa karibu kuondolewa kwenye ramani kwa sababu ya huo uongo, na kama kijana wake angekuja kutafuta kweli, angekuta hakuna alama popote, si Ziwani, si Makadara. Hilo ndilo lililoniamsha kitandani.

Nikamwomba aje asubuhi kabla sijafungua. Tuliingia pamoja gizani. Nikamwonyesha namba kwenye simu yangu: sifuri. Kisha nikamwambia abonyeze swichi ya ukutani yeye mwenyewe.

Simu zilianza kuwaka moja moja kutoka kushoto, safu ya juu, halafu ya chini. Kila moja ilipowaka ilitoa mlango ule. Mlango, na yeye mbele yake, kitambaa kipya, anatutazama. Alikuwa mmoja, wakawa wanne, wakawa rafu nzima ya yeye. Nami nikamwonyesha simu yangu tena. Mtu mmoja ametazama leo.

Nje watu wa mkokoteni walikuwa wanatukanana kwa furaha.

“Kwa hivyo ilikuwa rafu,” alisema.

“Nisamehe, Mama.”

“Umenikosea nini wewe? Umefanya kazi yako.” Alisogea akaigusa simu moja kwa kidole, pale kwenye uso wake mwenyewe. “Nilikuwa nimeanza kulala vizuri, unajua.”

Nikalia mimi. Yeye ndiye aliyenipangusa, kwa ncha ya leso iliyonuka moshi.

Kisha akasema nimpe ramani, na kwamba hataki nimsogezee, atasogeza mwenyewe. Nikamwonyesha jinsi ya kuishika alama na kuivuta. Aliivuta polepole kutoka Ziwani, juu ya Barabara ya Jogoo, akaiweka nyuma ya korti. Programu ikauliza: Una uhakika?

“Anayeuliza ni nani?”

“Ni mtambo tu, Mama.”

“Mwambie sina.” Halafu akabonyeza ndiyo.

Nilidhani tumemaliza, lakini alikuwa tayari anafunga leso kiunoni.

“Una rangi humu? Duka likihama huandikwa ukutani. Hata kinyozi hufanya hivyo. Mimi nimehama nikaacha ukuta mtupu, kwa sababu nilidhani ananiona kwa hiyo simu yako.”

Tulipata rangi nyeupe iliyobaki ya ukumbi. Yule mwenye boda wa majini akatubeba sote wawili kwa pikipiki moja, akilalamika njia nzima kwamba mama ana uzito wa sufuria zake. Kule kwa mabati, askari mlinzi alitusimamisha.

“Matangazo hayaruhusiwi hapa.”

“Si tangazo,” mama alimwambia. “Soma kwanza, halafu unikataze.”

Alinitajia maneno nikayaandika kwa herufi kubwa kuliko mimi: MAMA YAKO YUKO MAKADARA, NYUMA YA KORTI. NJOO.

“Tuweke jina lake?” niliuliza.

“Hapana. Kama kuna mtu anamtafuta kwa ubaya, sitamsaidia. Yeye atajua.”

Askari alisoma mpaka mwisho. Kisha akachukua kopo la rangi mkononi mwangu, akalishikilia ili nifikie juu vizuri.

Maandishi yale bado yapo, ingawa mabati mawili yalibadilishwa tukarudi kuandika upya. Oda sasa zinafika. Nimeitoa biashara yake kutoka juu ya orodha, kwa hivyo namba anayoipata ni ya watu wa kweli, wenye miguu, ila hajawahi kuniambia tena nimsomee. Bakuli langu huja, yeye haketi.

Lakini vijana wengi hupita kule kwa mabati, wa boda, wa mjengo, wa kokoto, na wote wamesoma. Imekuwa mzaha wa mtaa. Wakija kula wanaingia kwa kelele: “Mathe, nimekuja! Si umeniita?” Siku nyingine wanafika watatu kwa pamoja, kila mmoja akidai yeye ndiye kifungua mimba.

Nilimwambia yule mwenye boda awakanye wenzake, kwamba mzaha huo unaumiza. Mama alitusikia, akatukemea sisi.

“Waacheni. Akija, si ataingia vivyo hivyo? Mtataka aingie na barua?”

Juzi nilikula pale nimesimama. Kijana mmoja mwenye vumbi la saruji mpaka kwenye kope alisema nyuma yangu, “Mathe, ni mimi.” Nilimwona Mama akiinua kichwa, kama anavyokiinua kwa kila mmoja wao. Mwiko ukasimama hewani, ukidondosha mchuzi chini, mpaka alipomwona uso vizuri. Kisha akampakulia, akamwongeza maharagwe, akamuuliza wametoka kazini saa ngapi.