Kadi ya Tano na Mashine ya Moto

Nianze na jambo linalonisumbua kuliko mengine. Kadi saba za sinema, zenye umri mkubwa kuliko mama yangu, ambazo zilitoka Ulaya, zikafika Kalemie kwa reli na zikakaa miaka yote hiyo bila kuliwa na panya, niliziharibu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, asubuhi moja, na nilipomaliza nikafurahi.

Sikuziharibu kwa uzembe. Ungekuwa uzembe, ningejisamehe. Niliziharibu kwa uangalifu.

Nina biro, yaani ofisi ndogo, karibu na soko. Napiga fotokopi, naandika barua za watu kwenye kompyuta, na naplastifie, yaani napitisha karatasi kwenye mashine ya moto katikati ya plastiki mbili mpaka vishikane. Hapa kwetu karatasi yoyote ya maana lazima iplastifiwe: diplome, kadi ya ubatizo, karatasi ya kiwanja. Ziwa liko pale chini, unyevu unaingia mpaka ndani ya masanduku, mende wanakula gundi, paa zinavuja. Hakuna aliyenifundisha mashine. Nilijifunza peke yangu kwa kuharibu plastiki nyingi, na kwa kuwa situlii nikiona kitu kimekaa upande, niliendelea mpaka kazi yangu ikawa haina kiputo cha hewa hata kimoja. Watu wanapita biro nyingine tatu kuja kwangu. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nataka ieleweke kwamba sifa hiyohiyo ndiyo iliyoniponza.

Kadi nilizipata kwa papa mmoja, mzee anayelinda depo, ghala la mahindi kando ya reli. Zamani ile depo ilikuwa ukumbi wa sinema. Nilikwenda kumpelekea fotokopi zake, nikaona nyuma ya magunia kipande cha afishi, lile tangazo kubwa la filamu la kubandika ukutani, maandishi ya juu kwa Kifaransa na ya chini kwa lugha ile nyingine ya Wabelgiji. Nikasogea kuisoma. Yule papa akaniangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Weye unatafuta nini kwenye uchafu?"

"Naangalia tu, Papa."

"Angalia. Kuna ingine kule juu, kwenye sanduku. Mimi nilikuwa nawashia moto."

Nilitoka na afishi mbili zilizopasuka na bahasha moja yenye zile kadi saba. Kadi za sinema ni picha kwenye karatasi nene, ndogo kuliko afishi, ambazo zilikuwa zinabandikwa mlangoni pa ukumbi filamu inapokaribia, ili mpita njia aone kidogo na atamani kuingia. Tundu za pini zilikuwa bado kwenye pembe. Nyuma, mtu alikuwa ameandika namba kwa penseli: moja, mbili, tatu, nne, sita, saba, nane.

Ya tano haikuwemo.

Mtu mwenye akili ya kawaida angezibandika saba akaendelea na maisha. Mimi nilizipanga sakafuni kila siku kabla ya kufungua biro, nikaacha nafasi ya tano wazi, nikaiangalia ile nafasi. Kwenye kadi ya nne kuna mwanamke mwenye kofia nyeupe amesimama stesheni na valizi, sanduku lake la safari, machozi karibu yatoke. Kwenye ya sita mwanamke yuleyule hana kofia, hana valizi, amekaa kwenye mtumbwi na mwanaume ambaye hajaonekana kabla, na anacheka. Katikati kumetokea nini? Nilitafuta filamu ile kwenye simu mpaka mega za intaneti zikaisha. Sikuipata.

Halafu nikaziplastifie. Niliona ni heshima. Nilisubiri umeme utulie, nikafuta mashine mara mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikapitisha moja moja. Hakuna kiputo. Zilitoka zinang'aa kama zimechapwa juzi. Nikazipiga picha na kuzituma kwenye kikundi cha watu wanaokusanya vitu vya sinema za zamani, ambacho nilikuwa nimejiunga nacho bila kusema neno kwa miezi, kwa kuogopa kukosea Kifaransa.

Mzee mmoja wa Ubelgiji akauliza mbona zinang'aa. Nikamweleza kwa fahari. Baada ya siku mbili akaniandikia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi. Alisema ule moto unaingiza gundi ndani ya karatasi na gundi haitoki tena. Kadi kama zile huwekwa ndani ya bahasha ya karatasi safi, au nyuma ya kioo kisichozigusa, basi. Mwisho akauliza kama ninayo yoyote ambayo bado sijaigusa.

Sikumwamini, nikajaribu kubandua ya pili. Uso wa mwanaume aliyekuwa humo, si yule wa mtumbwi, ukatoka pamoja na plastiki. Ikabaki shingo na tai.

Tangu siku hiyo kadi ya tano haikuwa tena ya kujua tu kilichotokea kati ya stesheni na mtumbwi. Ilikuwa ndiyo moja iliyobaki ambayo sijaiharibu. Nilirudi depo.

"Weye na hesabu yako," alisema papa yule. "Zilikuwa munane, sawa. Ule aliyekuwa anabandika picha alikuwa anapeleka ingine kwake. Yeye alikufa. Bibi yake angali muzima, njia ya kwenda Katanika. Ulizia mama wa maharagwe."

Nilichukua pikipiki nikamuulizia, nikampata huyo mjane barazani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hata sijamaliza kusalimia, akanitambua.

"Weye njo ule wa mashine. Ule asiyeacha mapovu ya hewa."

Nilisema ndiyo, mimi ndiye. Akaniingiza ndani kunionyesha kadi ya ubatizo ya marehemu bwana wake, niliyoiplastifie mwaka uliopita. Ilikuwa safi kweli. Pembeni yake ukutani, kwa misumari miwili midogo iliyopita kwenye tundu zilezile za pini, ilikuwa kadi ya tano.

Mwanamke wa kofia nyeupe amekaa kwenye meza ya hoteli. Anamenya yai.

Basi. Hakuna mwanaume, hakuna mtumbwi, hakuna barua mkononi. Valizi haionekani. Miezi minne niliyokuwa natazama nafasi tupu sakafuni, kumbe nilikuwa nangojea yai.

Lakini karatasi ilikuwa nzuri. Rangi ilikuwa imefifia kidogo upande wa dirisha, pembe moja imekunjika, zaidi ya hapo hakuna kitu. Niliificha mikono nyuma, nisije nikaigusa.

"Mama, filamu yenyewe uliiona?"

"Ningeingia saa gani? Nilikuwa na batoto. Ni yeye aliileta. Akasema, ona, ata Muzungu anamenya yai polepole kama weye, mpaka linapoa." Alicheka kidogo. "Alikuwa ananichokoza. Kila nikipika yai, ananionyesha ukuta."

Baada ya kusikia hivyo nilijua siwezi kumwomba anipe. Nilisema ningependa tu kumsaidia kuitunza.

"Njo vizuri. Nilikuwa natafuta njia ya kuileta kwako, uipitishe kwenye mashine. Mvua ikianza, ukuta huu unateremsha maji."

"Hapana, Mama. Mashine itaiharibu."

Akaacha kucheka. "Itaiharibu namna gani?"

"Moto unaingiza gundi ndani ya karatasi. Haitoki tena. Karatasi ya namna hii inataka kupumua."

"Inataka kupumua," alirudia. Akaangalia kadi ya ubatizo. "Sasa hii ya bwana wangu, uliiharibu?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti kwa nini?"

"Hiyo ni ya kusoma. Hii ni ya kuangalia."

"Ile naiangalia kila siku ya Mungu. Kusoma mimi sijui."

Nusu ya mji imeniletea karatasi zake za maana, na mimi nimekaa mbele ya mama wa watu nikimwambia kazi yangu ni uharibifu. Nilijaribu kueleza tena, nikajikwaa, nikachanganya Kifaransa. Mwishowe alinionea huruma.

"Sawa. Kama unajua njia ingine, fanya hiyo ingine. Chukua sasa, utanirudishia."

Hapa ndipo ninapotaka kujipiga. Alikuwa ameshaanza kung'oa msumari. Mimi nikasema hapana. Nikasema sina kitu safi cha kuibebea, na kwenye pikipiki kuna vumbi. Nikapima kadi kwa rula, upana na urefu, nikaandika, nikamwambia nitarudi baada ya wiki moja na bahasha inayofaa. Hata kuipiga picha kwa simu sikuipiga, kwa sababu mwanga wa mle ndani ulikuwa mbaya.

"Usikawie," alisema mama.

Bahasha ya kwanza ilitoka upande. Mtu mwingine asingeona. Ya pili niliibandika kwa uji wa mihogo, kisha nikakumbuka mende, nikaichana. Kwa ya tatu nilitaka karatasi nene isiyo na mistari wala kemikali ya kung'arisha, na karatasi hiyo haikuwepo sokoni, wala kwenye maduka ya vifaa vya shule. Nikangojea mtu aliyekuwa anatoka Kigoma kwa boti. Akaleta nyembamba. Nikaziunganisha mbili kwa kushona, uzi mweupe, mishono midogo, ili nisitumie gundi kabisa. Nikafumua mara moja kwa sababu mishono ya kushoto ilikuwa mikubwa kuliko ya kulia. Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza. Nilizisikia juu ya bati nikiwa nashona, na sikuunganisha mambo mawili hayo kichwani mwangu. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye wiki ya sita mama mwenyewe alikuja biro. Alishuka kwenye pikipiki, akakung'uta kitenge, akatoa ndani ya mfuko wa nailoni kitu kinachong'aa.

Nilijua kabla hakijatoka chote.

"Maji iliteremka," alisema. "Nilikungoja. Nikaona itaoza, nikapeleka kwa ule mwenye mashine pale barabarani kwetu."

Viputo vilikuwa vitatu. Kimoja kwenye kofia, kimoja pembeni, cha tatu, kikubwa, juu ya yai. Maji yalikuwa hayajakauka kwenye karatasi yule mwenye mashine alipoipitisha, na doa la kahawia lilikuwa limefungiwa ndani. Na kulikuwa na unywele. Unywele mmoja mrefu, umelala juu ya meza ya hoteli kama umewekewa sahani yake.

"Mama, nilisema wiki moja."

"Ulisema. Nimehesabu sita."

"Nilikuwa natengeneza bahasha."

"Iko wapi?"

Nilivuta droo nikaitoa. Akaishika, akapitisha kidole kwenye mishono, taratibu, upande wa kushoto kisha wa kulia.

"Iliisha lini?"

Ningeweza kudanganya. "Siku nne zilizopita," nikasema. "Nilikuwa nangojea siku isiyo na mvua. Isilowe njiani."

Aliiweka bahasha juu ya meza, akasukuma kadi mbele yangu.

"Ondoa mapovu basi," alisema. "Weye njo unajua."

Nikawasha mashine. Nilitamani kumwambia kwamba kila mara inapopita humo inazidi kufa, lakini ilikuwa yake, na alikuwa amekuja na mvua. Niliweka karatasi juu na chini, nikaipitisha polepole, nikakandamiza kwa kitambaa ikiwa bado ya moto. Kiputo cha kofia kikatoka. Cha pembeni kikatoka. Cha yai hakikutoka, kwa sababu mle ndani kulikuwa na maji, na nilipokandamiza kilihama tu, kikarudi palepale. Niliipitisha tena. Mama akanishika mkono.

"Acha. Inatosha. Inaonekana kama yai liko na mvuke."

Nilijaribu kuitia kwenye bahasha, angalau itumike safari moja. Haikuingia. Plastiki ilikuwa imeongeza ukingo wa kidole pande zote, na mimi nilikuwa nimepima kadi yenyewe, bila kuacha hata nafasi ya unywele. Mama aliniona nikisukuma, akaichukua kadi yake akairudisha kwenye nailoni.

"Na hii, utaifanyia nini?" aliuliza juu ya bahasha.

"Sijui, Mama."

"Iko nzuri. Nipe, nitaweka karatasi za kiwanja."

Nikampa. Alinishukuru kweli, kwa mikono miwili. Kisha akaikunja bahasha katikati, akapitisha kucha juu ya mkunjo ili ulale vizuri, akaikunja tena, akaitia ndani ya mkoba wake mdogo na kuufunga.

Mteja aliyekuwa amekaa nyuma yake akasimama na diplome. Aliniomba niangalie isiwe na mapovu.